Yale Ambayo Fuwele Haisemi

Kwenye semina za kemia kuna slaidi moja ambayo haikosekani. Molekuli imechorwa kwa rangi: metali katikati, kaboni za kijivu, naitrojeni za buluu, oksijeni nyekundu, na kila atomi imepewa umbo la yai dogo kuonyesha jinsi inavyotikisika mahali pake. Mzungumzaji anasema muundo umethibitishwa kwa eksirei, kisha anabonyeza slaidi inayofuata. Hakuna anayenyosha mkono.

Mimi ni mkemia wa kompleksi za metali, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kutengeneza slaidi za namna hiyo, zangu na za wenzangu. Nazipenda picha hizo. Hata hivyo, kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ule ukimya wa wasikilizaji unavyozidi kunikera. Muundo uliotokana na kupiga fuwele eksirei ni ushahidi mzito, pengine mzito kuliko wote tulio nao katika kemia, lakini ni ushahidi unaopaswa kuhojiwa kama mwingine wowote. Usione vyaelea, vimeundwa. Ile picha imeundwa na mtu, na kila alipofika njia panda alichagua pa kupita. Nataka kuzungumzia njia panda hizo, hasa zile zinazoletwa na metali yenyewe.

Kwa asiyeizoea kemia hii, kompleksi ni ioni ya metali iliyoshikwa na molekuli au ioni nyingine zinazoizunguka, ambazo tunaziita ligandi. Chuma kilichomo kwenye damu kimeshikwa hivyo. Kobalti ya vitamini B12 pia. Hata mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, ni kompleksi: kila ioni ya shaba imezungukwa na molekuli nne za maji, na molekuli ya tano imekaa pembeni, imeshikana na salfeti.

Mrututu una heshima yake katika fani hii. Fuwele ya kwanza kupigwa eksirei na kuonekana ikitawanya miali kwa mpangilio ilikuwa ya mrututu, mjini Munich mwaka 1912. Max von Laue alitoa wazo. Walter Friedrich na Paul Knipping wakafanya jaribio. Madoa yalitokea kwenye bamba la picha, ila hayakusomeka kirahisi, maana fuwele za mrututu zina ulinganifu mdogo mno. William na Lawrence Bragg, baba na mwana, walianza na vitu rahisi zaidi kama chumvi ya mezani na almasi, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1915, mwana akiwa na umri wa miaka 25. Mrututu wenyewe ulisubiri hadi 1934, Arnold Beevers na Henry Lipson walipoutatua.

Lakini umbo la kompleksi lilijulikana kabla ya mtu yeyote kuweza kuliona, na hapo ndipo ninapoanzia na kila mwanafunzi mpya, kabla sijamruhusu kugusa mashine. Alfred Werner, mzaliwa wa Mulhouse aliyefanya kazi Zürich, alichapisha nadharia yake mwaka 1893 akiwa na miaka 26. Wakemia wa wakati huo walikuwa na chumvi za kobalti zenye klorini na amonia ambazo hesabu zake za valensi, yaani idadi ya vifungo ambavyo kila atomi huweza kufanya, hazikukaa sawa. Chumvi yenye amonia sita, ukiitilia nitrati ya fedha, hutoa klorini zote tatu kama mashapo meupe. Yenye amonia tano hutoa mbili. Yenye amonia nne hutoa moja tu. Werner akasema klorini isiyotoka imeshikwa na kobalti yenyewe, na kwamba kobalti hiyo siku zote inashika vitu sita.

Sasa, sita hivyo vimekaaje? Vikipangwa bapa kwenye heksagoni, kompleksi yenye amonia nne na klorini mbili inapaswa kuwa na aina tatu. Vikipangwa kama prizimu ya pembetatu, ni tatu vilevile. Vikikaa kimoja juu, kimoja chini na vinne pande zote, yaani oktahedroni, aina ni mbili tu. Ya kijani ilikuwa inajulikana. Ya zambarau, iliyotengenezwa kwa amonia tupu, ilikuwa haijapatikana, na Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, mtaalamu wa chumvi hizo kuliko mtu yeyote, alilishikilia pengo hilo kama hoja yake kuu dhidi ya Werner. Werner aliipata mwaka 1907. Jørgensen akakubali, jambo ambalo kwangu linampa heshima sawa na ya mshindi.

Hata hivyo, kukosekana kwa aina ya tatu hakuthibitishi kwamba haipo. Huenda hujaitafuta vya kutosha. Kwa hiyo mwaka 1911 Werner na mwanafunzi wake Victor King waliitenga kompleksi ya kobalti katika nusu mbili, ya kulia na ya kushoto kama mikono, kila moja ikigeuza mwanga uliochujwa, yaani unaotikisika katika uelekeo mmoja tu, kuelekea upande wake. Umbo bapa lisingeweza kufanya hivyo. Wapinzani wakadai kwamba ni kaboni zilizo kwenye ligandi ndizo zinazogeuza mwanga. Mwaka 1914, tayari akiwa na Tuzo ya Nobel ya mwaka uliotangulia, akaja na kompleksi isiyo na kaboni hata moja, nayo ikageuza. Eksirei zilipofika kwenye chumvi za platinamu mwanzoni mwa miaka ya 1920, zilikuta klorini sita zikiwa zimekaa kwa oktahedroni, na kwenye chumvi nyingine klorini nne kwa mraba bapa, kama alivyokuwa amesema kwa kuhesabu aina na kupima mashapo. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1919.

Nasimulia haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo kipimo ninachotumia. Werner hakuwa na picha, kwa hiyo kila alichodai kilibidi kistahimili pingamizi. Sisi tuna picha, na mara nyingi tunaacha kutafuta pingamizi.

Picha yenyewe haipatikani bila fuwele, na fuwele haziamrishwi. Unaweza kuacha mmumunyo uvukize polepole kwenye kichupa chenye kifuniko kilichotobolewa. Unaweza kumimina taratibu kiyeyushi ambacho kompleksi yako haikipendi juu ya kile inachokipenda, na kuacha mpaka kati ya viwili hivyo ufanye kazi. Unaweza kufungia kichupa kidogo ndani ya kikubwa chenye etha ili mvuke uingie kidogo kidogo. Kila maabara ina mtu anayeapa kwa njia moja kati ya hizo. Mimi ni mtu wa etha. Ukweli ni kwamba fuwele nyingi nzuri nilizowahi kuziona zilitokea kwenye vichupa vilivyosahauliwa nyuma ya rafu, na hakuna aliyeweza kuzirudia kwa makusudi.

Zikipatikana, mara nyingi zina kiyeyushi kilichonaswa ndani yao. Zitoe kwenye mmumunyo wake na zinaanza kufifia, kupasuka, kisha kuwa unga mbele ya macho yako. Ndiyo maana unazichota haraka na kuzitumbukiza kwenye mafuta mazito chini ya hadubini, unachagua moja yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita hivi, unaizungusha kwenye mwanga uliochujwa kuona kama inazima na kuwaka kwa usafi, unainasa kwenye kitanzi kidogo na kuipeleka kwenye mkondo wa naitrojeni yenye baridi ya takriban kelvini 100. Kuanzia hapo mashine inaendelea. Zamani kitambuzi kilipima doa moja baada ya jingine na kazi ilichukua siku nyingi. Vitambuzi vya eneo, vilivyoenea miaka ya 1990, vimeifanya kazi hiyo kuwa ya saa chache. Lakini angalia kilichotokea: umechagua fuwele moja, ile nzuri. Zilizobaki kwenye kichupa, na ule unga uliozama chini, hazikuulizwa chochote.

Hapa ndipo metali inapoingia.

Eksirei hutawanywa na elektroni. Kitambuzi kinakuambia ukali wa kila doa lakini hakikuambii fezi ya wimbi lililoliunda, na bila fezi huwezi kurudi nyuma hadi kwenye atomi. Ni kama kuambiwa kila ngoma ilipigwa kwa nguvu gani bila kuambiwa ipi ilitangulia ipi. Mwaka 1934 Lindo Patterson alionyesha kwamba hata bila fezi unaweza kupata ramani ya umbali kati ya atomi na atomi. Katika ramani hiyo atomi yenye elektroni nyingi hujitokeza juu ya nyingine zote. Haidrojeni ina elektroni 1, kaboni 6, kobalti 27, platinamu 78. Ukiijua ilipo platinamu, unakadiria fezi kutokana nayo, unachora ramani, unaona ligandi zikianza kutokea kwenye ukungu, unaziongeza, unarudia. Kwa mkemia wa kompleksi, metali ni zawadi. Mbinu za kihisabati zilizowapatia Herbert Hauptman na Jerome Karle Nobel ya mwaka 1985 zimepunguza ulazima wa kuwa na atomi nzito, na programu za SHELX za George Sheldrick zikaziweka mikononi mwa kila mtu, lakini bado nikiona metali kwenye sampuli napumua.

Mfano mkubwa ni wa Dorothy Hodgkin. Alizaliwa Kairo mwaka 1910, wazazi wake wakafanya kazi Sudan, naye akafanya maisha yake ya utafiti Oxford. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliletewa fuwele nyekundu za vitamini B12. Ukiacha haidrojeni, molekuli hiyo ina atomi zaidi ya 90, na kati yake kobalti moja tu. Je, elektroni 27 zinatosha kuongoza nyingine zote? Wengi walidhani hapana. Ramani za mwanzo zilikuwa na ukungu kweli, na msaada mkubwa ulitoka kwenye kipande cha molekuli kilichopatikana kwa kuivunja kikemia, pamoja na hesabu zilizofanywa na Kenneth Trueblood kwenye kompyuta huko Los Angeles. Kufikia 1956 muundo ulikuwa umekamilika. Kobalti imeshikwa na pete ya naitrojeni nne inayofanana na ile ya damu lakini ina daraja moja pungufu: vipande viwili vya pete vimeungana moja kwa moja. Hakuna mkemia aliyekuwa ametabiri hilo. Kisha mwaka 1961, yeye na Galen Lenhert wakaonyesha kwamba katika kimeng'enya-mwenza cha B12 kobalti imefungwa moja kwa moja na kaboni, kifungo ambacho wengi waliamini hakiwezi kudumu ndani ya mwili wenye maji na oksijeni.

Alitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 1964, na habari zilimkuta Ghana, ambako mume wake Thomas alikuwa akiongoza taasisi ya taaluma za Afrika. Ninachokipenda zaidi katika kazi yake ni zile ramani za ukungu. Aliweka kando vilele vya ramani ambavyo wengine wangevikimbilia, akasubiri kemia imwambie kitu kingine.

Elektroni hizohizo zinazofungua mlango zinaufunga pia. Pembeni ya platinamu, haidrojeni yenye elektroni moja haionekani. Imemezwa, na hesabu zenyewe huzua mawimbi ya bandia kuzunguka atomi nzito, vilele vidogo ambavyo ukiwa na hamu ya kuona haidrojeni utaviita haidrojeni. Kwa mtu anayechunguza vichocheo hili si jambo dogo, kwa sababu mara nyingi haidrojeni iliyokaa kwenye metali ndiyo inayofanya kazi yote. Gregory Kubas wa Los Alamos alikutana na tatizo hilo kwenye kompleksi ya tangsteni. Je, haidrojeni mbili zilizoshikana na metali zimeachana, au bado ni molekuli nzima? Jibu lilitolewa na difraksheni ya nyutroni, yaani kupiga fuwele miali ya nyutroni na kusoma inavyotawanyika, ambayo hutegemea kiini cha atomi badala ya elektroni. Katika taarifa yake ya mwaka 1984 ilionekana kwamba molekuli ya haidrojeni ilikuwa nzima, imelala ubavu kwa metali, jambo ambalo vitabu vya wakati huo havikuwa na nafasi yake.

Kuna ugumu mwingine usiotajwa sana. Kobalti, nikeli na shaba zinapishana elektroni moja moja. Naitrojeni na oksijeni vivyo hivyo. Programu haigomi ukiandika moja mahali pa nyingine. Tarakimu ya mwisho, ile tunayoiita R, inayopima jinsi muundo unavyotofautiana na madoa yaliyopimwa, na tunayofurahi ikiwa chini ya asilimia 5, inaweza kubaki nzuri kabisa huku jina la atomi likiwa si lake.

Kisa kinachoeleza hali hii kuliko vyote ni cha molibdenamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la Joseph Chatt nchini Uingereza lilieleza kompleksi zenye molibdenamu, oksijeni moja, klorini mbili na fosfini tatu, ambazo ni ligandi zenye fosforasi. Zilikuja kwa rangi mbili, buluu na kijani. Muundo wa eksirei ulionyesha molekuli zenye mpangilio uleule, isipokuwa kitu kimoja: umbali kati ya molibdenamu na oksijeni ulikuwa takriban angstromu 1.68 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) kwenye ya buluu na 1.80 kwenye ya kijani. Isoma, yaani aina mbili za kompleksi ileile, zinazotofautiana kwa urefu wa kifungo kimoja tu! Mifano mingine ikafuata kutoka maabara nyingine. Miaka ya 1980 wananadharia, Roald Hoffmann miongoni mwao, wakaeleza kwa hesabu nzuri jinsi jambo hilo linavyowezekana, na likaingia vitabuni.

Mwaka 1991, Gerard Parkin wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake wakaonyesha kilichokuwamo. Fuwele za kijani zilikuwa za buluu zilizochanganyika na kompleksi nyingine, ya njano, yenye klorini mahali ilipopaswa kuwa oksijeni. Molekuli mbili hizo zina umbo linalokaribiana kiasi kwamba zinaingia kwenye fuwele moja bila kugombana. Klorini hukaa mbali zaidi na metali, kama angstromu 2.4, na ina elektroni zaidi ya mara mbili ya za oksijeni. Kiasi kidogo chake kinatosha kuuvuta wastani, na eksirei huonyesha wastani wa mabilioni ya molekuli. Kifungo cha 1.80 hakikuwahi kuwepo katika molekuli yoyote. Buluu na njano zikatoa kijani.

Kila ninaposimulia kisa hiki kuna anayecheka, na mimi huwa nasema hakuna cha kucheka. Waliohusika walikuwa miongoni mwa wakemia bora wa karne ile. Vipimo vyao vilikuwa sahihi. Fuwele zilipigwa vizuri, hesabu zilifanywa vizuri, na mashine ilijibu swali ililoulizwa: wastani wa elektroni uko wapi? Swali la kama fuwele ina kitu kimoja ndani yake halikuwa la mashine. Lilikuwa la kemia ya kawaida: resonansi ya sumaku, uchambuzi wa elementi (kupima kila elementi imo kwa kiasi gani), rangi. Ndiyo maana mwanafunzi akinijia na kifungo kirefu cha ajabu namwomba kwanza kichupa nikitazame, kabla ya faili.

Ulinganifu nao una mitego yake, ingawa hii ni ya kimyakimya zaidi. Kuna njia 230 za kupanga vitu kwa ulinganifu katika nafasi, na ni lazima uchague moja. Ukichagua yenye ulinganifu pungufu, hesabu zitakwenda na muundo utaonekana sawa, ila vifungo vitakuwa na tofauti za kipuuzi kati ya pande ambazo zilipaswa kufanana. Richard Marsh wa Caltech alijulikana kwa kuipitia miundo iliyochapishwa na wengine na kuisahihisha ulinganifu wake, hata wataalamu wakalifanya jina lake kitenzi: mtu aliyesahihishwa alisemekana kuwa amefanyiwa Marsh. Siku hizi programu ya ukaguzi inakutolea orodha ya maonyo, kuanzia A yaliyo mazito, kabla jarida halijapokea makala yako. Ni msaada mkubwa. Pia imezaa kizazi cha waandishi wanaotibu maonyo badala ya kutibu muundo. Onyo likiondoka, wanapeleka makala.

Hifadhidata ya Cambridge, iliyoanzishwa na Olga Kennard mwaka 1965, ilivuka miundo milioni moja mwaka 2019. Naitumia kila wiki, na nisingefanya kazi bila hiyo. Ukitaka kujua kama umbali uliopata kati ya nikeli na naitrojeni ni wa kawaida, unauliza, na maelfu ya fuwele yanajibu kwa pamoja. Lakini sasa hifadhi hiyo inalisha mashine zinazojifunza zenyewe, na mashine hizo hazijui ni fuwele ipi ilitoka kwenye kichupa cha kijani.

Kinachonishughulisha siku hizi ni difraksheni ya elektroni. Mwaka 2018 makundi mawili, moja Marekani na jingine Ulaya, yalionyesha kwamba chembe zilizo chini ya mikromita moja, zile tulizokuwa tukiziita unga na kuzitupa, zinaweza kutoa muundo kamili wa molekuli ndogo kwa muda mfupi mno. Miaka niliyoitumia kubembeleza fuwele zikue imeanza kuonekana ya kizamani, nami sina kinyongo. Elektroni huziona haidrojeni vizuri kidogo kuliko eksirei, ingawa zina matatizo yake, kwani hutawanywa zaidi ya mara moja zikiwa ndani ya chembe na kuuvuruga ukali wa madoa.

Lakini unga wenye chembe mamilioni, ukachukua moja, ni ile fuwele nzuri ya kwenye kitanzi, tena kwa ukali zaidi. Chembe ile inaweza kuwa uchafu wa sehemu moja katika mia na bado ikatoa muundo safi wenye R ya kupendeza. Kwa hiyo utaratibu tulioanza nao ni huu: muundo ukishapatikana kutoka chembe moja, tunakokotoa madoa ambayo unga wote ungetoa kama wote ungekuwa hivyo, kisha tunaupiga eksirei unga wenyewe na kulinganisha mistari. Juzi mistari miwili haikulingana na kitu chochote tunachokijua. Kompleksi ni ya kobalti, ni ya kijani, na uchambuzi wa elementi haujarudi.